Je, Aliyesamehe Ni Lazima Arudi?

Neno la kusoma nyumbani juma hili: Mwanzo 33, Matendo 16:6–10, Waraka kwa Filemoni.



Mchungaji aliponiambia niandike ukurasa huu nilikataa mara mbili. Mimi si mhubiri, mimi ni fundi wa nguo, na wengi wenu mnanijua kwa sare za kwaya kuliko kwa maneno. Lakini alijua jambo ninalopambana nalo, maana nilikuwa nimemwendea kuombewa. Akasema, "Dada, usituandikie jibu. Andika swali lenyewe, wako wengi kanisani wanalo." Na ni kweli. Hapa Nakuru hakuna safu ya viti kanisani isiyo na mtu aliyewahi kukimbia na godoro kichwani.

Swali ni hili: mtu akishasamehe, ni lazima arudi?

Wiki mbili zilizopita, Jumamosi jioni, nilikuwa natoa nguo kwenye kamba. Msichana akaingia langoni na nusu gunia la minji, amevaa sweta nzito ya watu wa Molo, akaniita anti. Sikumtambua. Akacheka kwa aibu, akainua mkono akanionyesha kovu la maji moto kwenye kiwiko. Hapo nikajua. Kovu lile nililipaka dawa mimi mwenyewe, jikoni kwangu, alipokuwa mtoto wa miaka sita. Ni binti wa jirani yetu wa zamani, kule juu ya Molo. Januari 2008 alikuwa na miaka minane. Sasa anaolewa, na amekuja kunialika.

Baba yake ni mtu niliyemwona kwa macho yangu akibeba mabati ya nyumba yetu.

Sitaandika mengi juu ya siku ile. Wenye kujua wanajua, na watoto wetu wanasoma jarida hili. Niseme tu kwamba mwaka 1992 tulikimbia, tukasamehe, tukarudi, tukajenga. Babangu akafa mwaka 2001 tukamzika pale shambani. Halafu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tukakimbia tena, na safari hii tulifika uwanja wa maonyesho hapa Nakuru tukiwa na vyombo viwili na mama yangu mgonjwa wa kifua. Kwa hiyo mtu akiniambia kurudi, mimi si mgeni wa kurudi. Nimeshawahi kurudi.

Pale kambini alikuja mhubiri mmoja, simtaji na wala si wa kanisa letu, akatuhubiria tukiwa tumekaa juu ya mablanketi. Alisema ambaye hataki kurudi kwake bado hajasamehe, na ambaye hajasamehe asitarajie mbingu. Mei 2008 serikali ilipoanza Operesheni Rudi Nyumbani, malori yalikuja. Wengine wakapanda. Sisi tulichukua ile shilingi 10,000, tukaungana na familia nyingine, tukatafuta plot huku mjini. Na kwa miaka mingi kila nilipopokea meza ya Bwana nilikuwa nasikia sauti ya yule mhubiri. Nilimsamehe jirani, nina hakika, kwa sababu nilifika mahali nikamwombea watoto wake bila kusaga meno. Lakini sikurudi. Je, nilisamehe nusu?

Sasa niwaombe radhi, kwa sababu nataka kuwaletea mtu ambaye hatumzungumzii kanisani kwetu. Sisi hatuombi kwa watakatifu waliokufa, na mimi sianzi leo. Lakini kijana wangu wa pili alisoma St. Patrick's kule Iten, na siku ya kwanza nilipompeleka na sanduku lake nilimuuliza, huyu Patrick ni nani? Hakujua. Alichojua ni riadha: kwamba shule ilianzishwa mwaka 1961 na Mabradha wa Patrick kutoka Ireland, kwamba Peter Rono aliyeleta dhahabu ya mita 1,500 kutoka Seoul mwaka 1988 alikimbilia viwanja vile, na kwamba Bradha Colm O'Connell alikuja mwaka 1976 kufundisha jiografia akaishia kuwa kocha wa mabingwa, hadi David Rudisha. Hayo ni mazuri, lakini hayakujibu swali langu. Na si Iten tu. Mapadre wa Kiltegan, ambao shirika lao lina jina la Patrick na lilianzishwa Ireland tarehe 17 Machi 1932, wamefanya kazi huku Bonde la Ufa tangu miaka ya 1950. Yaani jina hili limekaa kwenye malango ya majirani zetu miaka yote, na mimi nilidhani ni jina tu la mzungu fulani.

Tarehe 17 Machi ndiyo siku yake, siku inayosemekana alikufa. Mwaka 2024 iliangukia Jumapili. Huko kwao, na Marekani pia, watu huvaa kijani na kuandamana barabarani na matarumbeta, na wengi hulewa, jambo ambalo nadhani lingemshangaza sana mwenyewe. Wanasema alifukuza nyoka wote Ireland. Kumbe nyoka hawakuwako tangu enzi za barafu. Wanasema alitumia jani la majani matatu kueleza Utatu, na kwa hiyo jani hilo ndilo alama ya nchi. Hadithi nzuri ya shule ya Jumapili, ila katika maandishi yake mwenyewe haimo. Mwezi wa Julai, Jumapili ya mwisho, maelfu hupanda mlima unaoitwa Croagh Patrick kwa kufunga na kuomba, wengine miguu mitupu juu ya mawe. Hapo tusiwacheke. Sisi wenyewe tunajua ni nani hulala mapangoni Menengai wiki nzima bila chakula.

Lakini acha nyoka. Kijana alipomaliza shule aliniletea kwenye simu maandishi ya Patrick mwenyewe, yale mawili yaliyobaki, na akanisomea huku mimi nashona, akitafsiri pole pole. Nilisimamisha cherehani.

Hakuwa Mwairishi. Alikuwa kijana wa Uingereza, katika karne ya 5, baba yake shemasi na babu yake kasisi, ila yeye mwenyewe anakiri hakumjua Mungu. Akiwa na miaka kama 16 wavamizi wakatoka baharini wakamteka pamoja na watu maelfu, wakampeleka Ireland utumwani. Alichunga kondoo miaka sita kwenye mvua na baridi. Watu wa Molo mnaijua hiyo kazi! Huko malishoni ndiko alikoanza kuomba, mara mia mchana na karibu mia nyingine usiku. Halafu usiku mmoja akasikia usingizini kwamba meli yake iko tayari. Akatoroka, akatembea karibu maili 200 hadi pwani mahali ambapo hakuwa anamjua mtu yeyote, na mwisho akafika kwao.

Wazazi wake wakampokea kama mwana, wakamsihi, baada ya taabu zote hizo, asiondoke kwao tena kamwe.

Hapo ndipo nilipolia, wapendwa, sitaficha. Kwa sababu hayo ndiyo maneno mama yangu aliniambia tulipopata plot.

Kisha akaota. Akamwona mtu akija kutoka Ireland na barua nyingi zisizohesabika, akampa moja. Alipoanza kuisoma aliona ni sauti ya watu wa Ireland, na papo hapo akawasikia wale wa karibu na msitu mmoja wa magharibi wakimwomba aje atembee kati yao tena. Moyo ukamchoma, akashindwa kuendelea kusoma, akaamka. Wapentekoste hatuhitaji kuelezwa ndoto ya namna hiyo. Paulo alimwona Mmakedonia usiku akimwita avuke. Tofauti ni kwamba Makedonia haikuwa imemfanya Paulo mtumwa.

Na Patrick akarudi, akiwa askofu, akaishi na kufia kwa watu waliomteka.

Sasa yule mhubiri wa kambini angefurahi sana, angesema, mnaona? Hata mimi mwanzoni niliisikia hivyo, kama fimbo. Lakini nimekaa na maneno haya miaka kadhaa, na naona mambo ambayo fimbo haiyaonyeshi.

Jambo la kwanza ni nani aliyemwita. Si mfalme aliyetoa amri, si mhubiri aliyekula nyumbani kwake akashiba kisha akaja kuwahimiza wenye njaa. Waliomwita ni wale wa huko, na alisikia mwito huo kwa Mungu mwenyewe, yeye binafsi. Na hakuondoka kesho yake asubuhi. Anamshukuru Mungu kwamba baada ya miaka mingi watu wale walipata walichoomba. Kurudi kwake kulikuwa zawadi. Ukimlazimisha mtu kutoa zawadi, umechukua ushuru. Mimi sioni popote katika maandishi yale akiwaambia watumwa wengine waliotoroka kwamba nao warudi, la sivyo hawajasamehe.

Na Biblia je? Fungueni Mwanzo 33. Sisi hupenda kuhubiri pale Esau anapomkimbilia Yakobo, wanakumbatiana na kulia. Tunafunga Biblia hapo, kwaya inaimba. Lakini endeleeni kusoma. Esau anasema twende pamoja. Yakobo anasema tangulia wewe, watoto ni wadogo na kondoo wananyonyesha, nitakuja pole pole hadi Seiri. Na hakwenda. Aligeuka akaenda Sukothi akajijengea nyumba. Ni kweli alisema kitu akafanya kingine, hilo silisifu. Hata hivyo wale ndugu wawili hawakupigana tena, na wakati wa kumzika baba yao Isaka walikuwako wote wawili. Walisameheana na kila mmoja akalala kwake. Kama Yakobo aliweza kuwa na Sukothi, nadhani mimi naweza kuwa na Pipeline.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba umbali ni msamaha. Kuna watu wanakaa mbali ili chuki isipate baridi, wanaipikia kila siku. Mimi nawajua, nimewahi kuwa mmoja wao. Nasema tu kwamba huwezi kuhesabu kilomita kati ya nyumba mbili ukajua kilichomo moyoni.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Yale maandishi mengine ya Patrick ni barua ya hasira. Kulikuwa na mtawala mmoja aliyeitwa Coroticus, mtu aliyejihesabu Mkristo, na askari wake waliwavamia watu ambao Patrick alikuwa amewabatiza juzi tu, wakiwa bado na mavazi yao meupe. Wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa kuuzwa. Patrick akatuma kasisi kuomba wateka warudishwe, wale askari wakamcheka. Basi akaandika barua isomwe mbele ya watu wote: waamini wasile wala wasinywe na watu hao, wasipokee sadaka zao, mpaka watubu kwa machozi na kuwaacha huru watumishi wa Mungu. Na katika barua hiyohiyo, si nyingine, anakumbusha kwamba anawahurumia watu waliomteka yeye zamani na kuwaangamiza watumishi na wajakazi wa nyumba ya baba yake.

Soma hapo tena. Deni lake mwenyewe amelifuta. Deni la wengine hakuligusa kulifuta, alilidai kwa sauti. Hakuwaambia wale waliouzwa, sameheni na kusahau, mimi pia nilikuwa mtumwa na nikanyamaza.

Hili limenisaidia sana kwa habari ya mama yangu. Mimi nimesamehe mabati yangu. Lakini ng'ombe alikuwa wa mama. Kitanda alichofia babangu kilikuwa cha mama. Jirani akiniomba radhi leo, naweza kumwambia, kwangu yameisha. Siwezi kumwambia, kwa mama yangu yameisha. Sina ufunguo wa chumba hicho. Tunapokaa kwenye mikutano ya amani na wazee wakasimama kusema "sisi tumesamehe", mimi hujiuliza hiyo "sisi" ina nani ndani yake, na kama wajane waliulizwa.

Na hapa naomba niseme jambo kwa upole juu ya Filemoni, maana hulitumia vibaya. Paulo alimrudisha Onesimo, mtumwa aliyekimbia, kwa bwana wake. Ni kweli. Lakini hakumrudisha mikono mitupu. Alimwandikia bwana yule ampokee kama ndugu, na akasema kama kuna deni lolote liandikwe kwake, yeye Paulo, atalipa, na akaandika kwa mkono wake mwenyewe. Anayetaka kuwarudisha watu mahali pa hatari na aanze kwa kuandika hilo.

Sasa nirudi kwa msichana na minji yake.

Nilimkaribisha, nikampikia chai. Alikaa kwenye kiti akiangalia chini kama mtu aliyetumwa maneno mazito. Mwisho akasema, "Anti, baba amesema nikuambie hawezi kuja yeye. Anasema akikuona atakufa."

Kuna hadithi moja ya Patrick ambayo haimo katika maandishi yake. Iliandikwa karne ya 7 na mtu aitwaye Muirchú, na siwaambii muiamini. Inasema Patrick aliporudi Ireland alitaka kwenda kwanza kwa yule bwana aliyekuwa mtumwa wake, Miliucc, amlipe bei ya uhuru wake na kumhubiria. Yule mzee aliposikia mtumwa wake anakuja, alikusanya mali yake yote ndani ya nyumba akaiwasha moto, akaungua nayo, kuliko kukutana naye uso kwa uso. Patrick alisimama mlimani akaona moshi, akanyamaza kwa saa mbili au tatu.

Kijana wangu aliponisomea hiyo nilisema ni hekaya za wazee. Lakini msichana aliposema "atakufa", nilimwona Miliucc. Miaka 16 nimekuwa nikifikiri mimi ndiye ninayeogopa barabara ya Molo. Sikuwahi kufikiri kwamba juu kule kuna mtu akisikia matatu ikisimama usiku moyo wake unaruka, akidhani ni mimi. Tena nakumbuka mwaka jana sokoni Wakulima niliona mtu akigeuka ghafla kwenye safu ya viazi akaacha hata chenji yake. Nilidhani nimefananisha.

Nikamuuliza msichana, sasa nani amenialika, wewe au baba? Akasema, "Mimi. Nilisema siolewi bila wewe. Baba alinyamaza siku mbili, halafu akaenda akachuma minji."

Minji yenyewe ilinitesa. Nikiipokea, je, nimelipwa? Nyumba ya vyumba vinne kwa nusu gunia? Nikiikataa, nimemtukana mtoto. Patrick alikuwa akirudisha zawadi ambazo akina mama waamini waliweka madhabahuni, ili mtu asipate la kumsingizia, na wale wakachukia. Mimi sina msimamo wa Patrick. Tulikaa tukaambua pamoja, mimi na yule msichana, na jioni tukala na mukimo. Nikaona hiyo haikuwa malipo ya chochote. Ilikuwa minji.

Kwa hiyo nimefika wapi? Naamini sasa, mbele za Mungu, kwamba yule mhubiri wa kambini alikosea, na natamani ningemwambia. Aliyesamehe halazimiki kurudi. Lakini nikishaondoa hilo neno "lazima", naona swali bado limekaa pale, limevaa sweta, linaniita anti. Maana nilikuwa nimejificha nyuma ya huyo mhubiri. Kukataa amri ni rahisi. Huyu hakuja na amri, wala lori, wala shilingi 10,000. Alikuja na mwaliko, na mwaliko hauna adhabu ukiukataa.

Na sisemi kurudi kuishi. Hilo nimelifunga, na mchungaji ameniunga mkono. Nasema siku moja, saa sita mchana hadi jioni, kukaa kwenye hema la harusi umbali wa mashamba mawili kutoka pale nyumba yetu ilipokuwa.

Nilimwendea mama yangu Jumapili baada ya ibada. Yeye ana miaka 81 na kifua kile hakikuwahi kupona vizuri. Nilimweleza yote, hata habari ya minji. Nilitarajia aniambie nisiende, kama wazazi wa Patrick. Kwa kweli nilitaka aniambie nisiende. Alikaa kimya muda mrefu akikunja leso yake.

"Wewe nenda," akasema. "Mimi siendi. Usimwambie nimemsalimia, kwa sababu sijamsalimia. Lakini ukifika, pita nyuma ya mti wa peasi uangalie kama wamelima juu ya babako."

Harusi ni Jumamosi hii. Nimeshona gauni la samawati, nimeweka nauli kando. Kina mama wa ushirika wetu wa Alhamisi, mniombee. Na kama kuna mmoja wenu ambaye angependa kupanda hiyo matatu na mimi, tutakutana stegi ya Molo saa mbili asubuhi.